Siku Atieno Alipoenda Sokoni

Mjukuu wangu Achieng,

Tumefurahi kusikia umeanza masomo vizuri. Hapa Kisegi mahindi yamekomaa, na dadako amejifungua pacha, kwa hivyo nyumba ni kelele tupu.

Umeuliza chama chetu cha watu wenye ulemavu kilianzaje. Kilianza na jirani yangu Atieno. Tulikuwa wasichana, na kwa sababu miguu yake haikutembea, hakuwa amewahi kufika sokoni. Siku moja nikaazima wilbaro nimpeleke.

"Watu watamcheka," mama yake akasema.

"Wacha wacheke," Atieno akajibu kutoka ndani. "Mimi nataka kuchagua samaki mwenyewe."

Kweli walicheka. Lakini Atieno alikagua samaki mmoja mmoja, akakataa wa jana, mpaka muuzaji akasema, "Huyu msichana ametoka wapi?" Sote tukacheka. Ndipo mzee mmoja akaniita kando. "Binti yangu haoni, yuko nyumbani tu. Mtampitia?"

Wiki iliyofuata tulikuwa watatu. Kufikia mavuno tulikuwa tisa, na Atieno akawa mwenyekiti. Nilidhani mimi ndiye niliyemsaidia, kumbe nilikuwa nasukuma tu.

Anakusalimu sana. Anasema ukija likizo ulete viatu vyako vya kucheza ngoma, naye atachagua wimbo.

Nyanya yako, Dani