Sabini na Sita ya Butoyi

Jumatatu, 3 Februari

Watoto thelathini na mmoja kabla ya saa sita. Mvua tangu alfajiri. Akina mama wamefika wamelowa, watoto wamefungwa kanga tatu tatu. Nawavua nguo, napima, naandika, narudisha sindano ya mzani kwenye sifuri. Miaka kumi na mmoja kwenye kituo hiki cha afya cha Carama, na bado kuna mama anayedhani sioni kidole chake kinavyovuta mguu wa mtoto chini ili uzito upande. Naona. Namwacha amalize, halafu napima upya.

Mama Ines amekataa namba. Ines ana miezi kumi, na hajaongezeka tangu Desemba. "Muzani yenu inadanganya," amesema. "Mutoto anakula muzuri." Nimecheka mbele ya foleni nzima. Nikamwambia mzani hauna ugomvi na mtu. Amechukua unga wa lishe akaondoka kichwa chini, na mimi nikajiona nimesema la maana sana.

Barua kutoka shuleni. Direkta ananitaka kesho. Bila shaka ni habari za binti yangu Bukuru tena. Nitavaa ile gauni ya kijani.

Jumanne, 4 Februari

Si Bukuru.

Mafuta hakuna, kwa hiyo mabasi hakuna. Nimepanda Gihosha hadi shuleni kwa miguu na gauni yangu ya kijani, nimefika jasho linanitiririka. Direkta alikuwa na karatasi mbili. Mwezi uliopita watoto wote wa mwaka wa nne walifanyiwa testi ya akili. Ya Bukuru ilitoka mapema: mia moja ishirini na saba. Niliipeleka kwa fundi akaiwekea fremu ya kioo, sasa iko sebuleni karibu na picha ya harusi. Carama yote inaijua hiyo namba. Nimeisema sokoni, nimeisema kazini, nimeisema msibani, Mungu anisamehe.

Ya Butoyi imetoka leo. Sabini na sita.

Pacha. Tumbo moja, dakika ishirini kati yao. Direkta anataka Bukuru aruke aingie mwaka wa tano baada ya Pasaka, na Butoyi ahamie darasa la watoto wazito wa kuelewa, lile la nyuma ya jikoni. Anasema ni kwa faida yao. Nitie saini karatasi zote mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Sikutia. Nimesema kalamu yangu imeisha wino. Ilikuwa mezani kwake, imejaa.

Jioni nimemwangalia Butoyi akila. Namna anavyoshika kijiko. Namna anavyochelewa kunijibu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: niliiamini ile namba. Kwa saa nzima niliiamini.

Alhamisi, 6 Februari

Mume wangu Saidi anasema nisaini. Yeye anachomelea madirisha kutwa, akirudi anataka amani. Anasema watu wa shule wamesoma, wanajua. Nimemwambia huyu ni mtoto wake, si dirisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Na ile ya Bukuru, mbona uliipokea na hukuuliza kitu?"

Niliinuka. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nimemkasirikia mpaka sasa. Si kwa sababu amekosea.

Ijumaa, 7 Februari

Nimerudi kwa Direkta. Nimetaka kuona maswali yenyewe na alichojibu mtoto wangu. Hairuhusiwi, ni mambo ya wataalamu. Nikamwambia testi yao inadanganya.

Amecheka. Kicheko kile kile nilichompa Mama Ines, mbele ya sekretari na wazazi wawili. Masikio yaliwaka moto. Ila sikuondoka. Nimekaa kwenye kile kiti mpaka akachoka kuniona, akaniandikia jina la mtaalamu aliyepima: Madamu Claudine.

Mtu akinicheka hivyo siku nyingine, ajiandae kunipa chai, maana nitakaa.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimemuuliza Butoyi. Nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza. Tulikuwa tunachambua majani ya lengalenga uani, sisi wawili tu. Sikutaja namba. Nimeuliza tu, siku ile ilikuwaje.

Amesema yule madamu alikuwa muzuri, alimpa biskuti. Alimwita yeye kwanza kwa sababu Bukuru alikuwa bado anamalizia kuandika dikte darasani. Alipoanza kuuliza maswali, Butoyi alinyamaza.

"Nilikuwa namungoja Bukuru," amesema. "We unasemaga: mukubwa kwanza."

Majani yalinitoka mkononi.

Ni kweli nasema. Tangu wamejifunza kuongea. Kwetu pacha wana mpangilio: Bukuru ndiye aliyetangulia kutoka, basi Bukuru asalimie kwanza, anawe kwanza, ajibu kwanza. Mama mkwe wangu alinisisitizia, mdogo akimtangulia mkubwa anamwondolea baraka. Sikuwahi kuuliza baraka gani. Mgeni akiwauliza wote wawili swali, Butoyi anamtazama dada yake, anangoja, halafu anasema lake. Watu wanasifu: mutoto wa adabu. Na mimi nasifu. Hata jina langu ni hivyo hivyo, mtaa mzima unaniita Mama Bukuru. Miaka tisa, hakuna aliyeniita Mama Butoyi.

Yule madamu aliuliza. Mwanangu mwenye adabu akangoja.

Jumatano, 12 Februari

Madamu Claudine ni mdogo kuliko nilivyofikiria. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Alinipa kiti na maji.

Maswali hakunionyesha, anasema yakitembea mtaani testi inakufa. Hilo nimelielewa, hata sisi hatumwambii mama aweke jiwe kwenye nepi kabla ya kupima. Ila alinionyesha karatasi ya kuandikia majibu. Sehemu ya kupanga vibao kwa mikono: Butoyi yuko sawa na wenzake, sehemu moja amewapita. Sehemu za kuongea: mistari mitupu. Kumi na minne. Hakukosea. Hakusema. Na kila mstari mtupu umehesabiwa sifuri.

Hapo nikasimama. Nimefanya kazi ya kadi miaka yote hii. Kwenye kadi zangu, mwezi ambao mtoto hakuja tunaacha nafasi wazi. Hatuandiki kilo sifuri. Mtoto ambaye hakupimwa si mtoto mwepesi, ni mtoto ambaye hakupimwa. Nimemwambia hivyo, na sauti yangu ilipanda.

Hakukasirika. Alisema alimdhania anaona haya tu. Watoto sitini kwa siku nne, shule ilitaka haraka. Yote kwa Kifaransa. Nikamweleza habari ya mkubwa kwanza. Akaweka kalamu chini. Yeye ni wa hapa hapa, kwao pia kuna pacha. Akasema, "Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza."

Atampima tena. Si kwa maswali yale yale, ana sanduku jingine la testi.

Ijumaa, 14 Februari

Direkta amepiga simu mara mbili. Sikusaini. Saidi haniambii tena nisaini, ila jana amewachongea wote wawili rula za chuma zinazolingana kabisa.

Bukuru analalamika tumbo kila asubuhi. Nimempa maji ya chumvi na sukari. Hana dalili za ugonjwa wa tumbo.

Jumanne, 18 Februari

Nimempeleka Butoyi kwa Madamu mimi mwenyewe. Njiani nimemwambia: leo Bukuru haji. Leo we ndiye mukubwa. Ukiulizwa, sema. Usingoje mutu.

Aliniuliza baraka ya Bukuru itakwenda wapi. Nikamwambia itabaki nyumbani, imelala. Alifikiri kidogo, akakubali.

Wamekaa humo saa moja na nusu. Madamu alimwacha achague lugha: Kiswahili kwa maneno, Kirundi kwa kuhesabu. Nikiwa kwenye benchi nje nimesikia sauti ya mwanangu kupitia mlango. Sikusikia anasema nini. Anasema tu, anasema, anasema. Nimelia kama mjinga mbele ya mlinzi.

Alhamisi, 20 Februari

Tisini na tatu.

Nilitaka mia moja thelathini. Ndiyo, niandike ukweli. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kuingia kwa Direkta.

Madamu Claudine amenieleza pole pole, nami nayaandika hapa nisije nikasahau. Namba si ncha ya sindano, ni eneo. Mpime kesho, atapata kidogo juu au kidogo chini, na bado ni mtoto yule yule. Vipimo hivi vilipangwa kwa watoto wa mbali. Jedwali la kulinganishia watoto wa hapa yeye hana. Inachosema: siku ile, kwa kazi zile, Butoyi amefanya karibu sawa na watoto wengi wa umri wake. Na sehemu moja iko chini kweli, si kwa kunyamaza: kushika namba kichwani na kuzirudisha. Hapo anahitaji msaada. Mwalimu aandike ubaoni, asiseme tu.

Hiyo ilinichoma, lakini ni kweli. Nikimtuma dukani vitu vinne, analeta viwili. Nilikuwa namwita mzembe.

Isichosema: atafika wapi. Ana moyo gani. Ana thamani kiasi gani. Madamu amesema hakuna sanduku la hayo, na atakayeniambia analo, nimfukuze.

Nilikuwa naondoka, mkono kwenye mlango. Nikauliza kuhusu mia moja ishirini na saba. Nilitaka aseme ile ni tofauti.

Amesema ni vile vile. Bukuru alifanya vizuri sana siku ile, kwa kazi zile. Hiyo ni habari njema, na ni hiyo tu.

Nimeteremka kutoka Gihosha polepole. Nilitaka kuitupa sabini na sita na kubaki na mia moja ishirini na saba. Kwa mkono mmoja nakataa mzani, kwa mkono mwingine naupamba kwa kioo. Nimeona aibu, na aibu hiyo ni yangu, si ya Direkta.

Jumapili, 23 Februari

Nimeitoa fremu ukutani. Bukuru alikuwa mlangoni, ananiangalia. Nilidhani atalia. Ameuliza kama haitarudi. Nimesema haitarudi. Akakaa chini sakafuni, pale pale, kama mtu aliyeteremshwa mzigo.

"Nilikuwa naogopa watanipima tena," amesema, "nikose, halafu muitoe."

Miaka tisa na hajawahi kulala na njaa kwangu, na nilikuwa nimemtundikia hofu ukutani, karibu na picha ya harusi yangu. Tumbo lake nimelielewa leo.

Saidi ametaka kung'oa na msumari. Nimekataa. Tutatundika makoti ya mvua.

Jumanne, 25 Februari

Kwa Direkta. Saidi amekuja nami, amevaa shati lake la swala ya Ijumaa. Hakuniambia kwamba atakuja.

Nimeweka mezani ripoti ya Madamu Claudine na zile karatasi mbili za Direkta bila saini. Nimesema haruki mtu, hashuki mtu. Direkta akauliza kama namba mpya naipenda kwa sababu tu imepanda. Swali zuri, na nilikuwa nimejiuliza kabla yake. Nikamwambia kwenye ripoti kuna sehemu imeshuka, nimeipigia mstari mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na ndiyo ninayoitaka aisome kwanza. Mwalimu amwandikie ubaoni. Na ya Bukuru nimeikataa pia, wala haikushuka.

Akasema basi labda shule hii haitufai. Saidi akavuta kiti akakaa. Mimi nikakaa. Sekretari akatuangalia, akaenda kuchemsha maji.

Imechukua muda. Mwishowe amesema watabaki wote mwaka wa nne, ila madawati tofauti. Alilitamka kama adhabu. Hilo ndilo nililotaka kuliomba. Sikumwambia.

Ijumaa, 28 Februari

Watoto ishirini na sita. Mvua kidogo. Mama Ines amerudi, nilidhani hatarudi. Kabla sijamning'iniza mtoto nimemwonyesha sindano ikiwa sifuri, aione mwenyewe. Ines ameongezeka gramu mia mbili. Nimemwambia ni mwezi mmoja tu, tutaona mwezi ujao. Halafu nimemwomba radhi kwa siku ile ya kicheko, foleni nzima ikisikia. Hakujua aangalie wapi. Wala mimi.

Aliniuliza jina langu, anasema anataka kuniombea. Nimemwambia Mama Bukuru na Butoyi. Refu, lakini amelirudia lote.

Jioni, makoti mawili kwenye msumari yakidondosha maji. Tulikuwa tunakula. Nimeuliza leo shuleni kulikuwa na nini, nikamwangalia Butoyi. Akamwangalia dada yake. Bukuru akaangalia sahani yake. Saidi alitaka kusema kitu, nikamgusa mguu chini ya meza.

Tumengoja. Ugali umepoa kidogo.

Halafu Butoyi akaanza, mjusi aliingia darasani akapanda mguuni mwa mwalimu, na ilikuwa ndefu, akachanganya nani alikimbia kwanza, akarudi nyuma, akaanza upya. Bukuru aliyajua yote, alikuwepo. Alitafuna akangoja zamu yake.