Uliyeachia Hatamu ni Wewe, Kaka

Kaka yangu,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo umetaka.

Nakumbuka ulivyonifundisha kumfunga na kumfungua punda pale uani kwetu Nkuhungu, mimi nimemaliza darasa la saba na najiona najua kila kitu. "Mawe kwanza kwenye magurudumu. Halafu mikanda. Hatamu inavuliwa mwisho kabisa, punda akishatoka kwenye kigari." Na ile uliyoirudia mpaka masikio yakachoka: anayeshika kichwa haachii hadi aliye nyuma aseme "tayari". Siku moja nilijikuna pua tu, nikaachia. Ukanifanya nimfunge na kumfungua punda wetu Kijivu mara saba, jua la Dodoma hilo unalijua. Nilikuchukia kidogo, nikakupenda zaidi. Wenye punda wa mitaa ya jirani walikuwa wanakuja kukuuliza wewe.

Sasa tuje kwenye ile asubuhi. Tumerudi na madumu ya maji, mama ametoka kutupokea. Wewe umeshika kichwa, mimi niko nyuma. Mkanda wa kushoto nimeshafungua, wa kulia bado. Simu yako ikaita, ukatazama jina, ukatabasamu, ukaachia hatamu. Nilikuona kwa macho yangu haya mawili! Hukuniita wala hukuniuliza. Bodaboda ikapiga honi njiani, Kijivu akaruka, kigari kikamfuata upandeupande kikamgonga mama nyonga.

Watu wakajaa uani. Baba mdogo akauliza nani alikuwa ameshika kichwa. Ukajibu bila hata kumeza mate: "Ni mdogo wangu. Mimi nilikuwa nyuma."

Loo, kaka! Nikapiga kelele kwamba si kweli, lakini nani angenisikiliza? Wewe, mwalimu wa mtaa mzima, uachie hatamu? Baba mdogo akaniambia ninyamaze, nimeshaumiza mtu, nisiongeze na uongo. Nikakutazama unitetee. Ukainama, ukaanza kuokota madumu.

Wiki hiyohiyo ukaenda Mtera kwenye biashara ya samaki, na huko ndiko ulikobaki. Unamtumia mama samaki wakavu, naye anakuombea kanisani kwa jina. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumshika mkono kwenda chooni. Maji nachota na Kijivu yuleyule. Kwa kuwa sina wa kunishikia kichwa, namfunga kwanza kwenye nguzo, ndipo naugusa mkanda. Sheria zako zote nazifuata, maana hazikuwa na kosa. Umeniumiza, kaka, sikufichi. Ningekuwa nimeteleza mimi, ningekubali siku ileile.

Jumapili nilikuwa namfunga mama kitenge aende ibadani. Akanishika shavu, akasema, "Mwanangu, nilishakusamehe zamani. Usijitese tena."

Ningesema si mimi, angeona bado nalikana kosa, na yeye alikuwa ananitazama kwa huruma kweli. Nikajibu, "Asante, mama," nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Msamaha ule ulikuwa wako, kaka, na umenikwama kooni. Panda gari uje umwambie mama kwa kinywa chako, angali anasikia.

Nimemaliza.

Mdogo wako, wa tumbo moja na wewe