Anga la Yosue

Dada Nekesa,

Salamu kwako na kwa watoto. Kampala kunanyesha tangu juzi, nami bado napiga picha za mawingu, kazi unayoiita uvivu. Leo nilipeleka ile niliyokuahidi ya ukutani, anga likigeuka jekundu kabla ya mvua, kwenye duka la kuchapa hapa Wandegeya. Fundi alikuwa akitengeneza mabango ya matanga, anaweka nyuso za marehemu juu ya mawingu. Mama mmoja Mkongo aliyengoja zamu yake akaikazia macho picha yangu.

"Nipe hii," akamwambia fundi. "Andika Yosue pale chini."

Fundi akaomba picha ya huyo Yosue.

"Mutoto yangu alikufaga mu njia, tukikimbia vita. Picha zake zote ziliungua na nyumba."

Pale chini palikuwa na sahihi yangu. Nikamwambia fundi aifute.

Sikuweza kuchapisha nyingine ya ukuta wako, maana sasa ni ya Yosue; dada, usinikasirikie. Geuza kadi hii uone picha ya uso wangu. Sikutoka vizuri, lakini uitundike. Nyingine kama hiyo nimemtumia shangazi. Zisikae nyumba moja.

Ndugu yako akupendaye,
Wafula