Sukari Ndani ya Kopo la Bluu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kazi yangu kupima pamba ya watu hapa AMCOS, ushirika wetu wa wakulima. Leo nimepimwa mwenyewe. Nesi Shida kaangalia mashine, kaangalia kitambi changu, kacheka — sukari inapanda mzee, kisukari kiko mlangoni kinabisha hodi. Mke wangu Wilhelmina hakungoja. Kagawa sukari yote kwa majirani, kaleta kopo la bluu kutoka duka la dawa. Unga mweupe, mtamu, na si sukari! Chai inapita vizuri, halafu ulimini inabaki ladha ya msumari.

Jumatano, 9 Julai
Grupu la kwaya limetuma sauti: utamu wa kopo unaleta kansa, sambaza haraka. Nikasambaza, mimi tena! Halafu nikavaa miwani, nikasoma maandishi ya kila pakiti humu ndani. Utamu huo umo kwenye juisi ya unga. Kwenye chingamu. Hata dawa ya meno! Kumbe naulamba kila asubuhi miaka yote hii. Nikampigia Shida. Anasema utamu huo umeshapimwa na wataalamu, una kiwango chake cha siku, na kijiko changu hakikaribii huko. Madhara ya kuutumia miaka mingi bado wanayachunguza. "Ila sukari yako, mzee, haihitaji uchunguzi." Nimemwelewa. Ulimi wangu ndio haujamwelewa.

Alhamisi, 10 Julai
Nimefanya utundu. Unga nimemwaga chooni, kopo nimejaza sukari halisi niliyonunua kwa siri, nimeitwanga kinuni ifanane. Wilhelmina kanitazama nikinywa.
"Unaona? Umeshazoea!"
Nikaitikia kinyonge, mgonjwa mtiifu.

Jumamosi, 12 Julai
Balaa! Mama mkwe, Mayu Milembe, kashuka kutoka Lalago na kikapu cha michembe, viazi vitamu vya kukausha. Ana kisukari cha siku nyingi, macho yameanza kufifia. Kwetu mkwe haketi mezani na mama mkwe, kwa hiyo nimejibanza chumbani, namsikia Wilhelmina akimwandalia chai.
"Weka tu, mayu, hii haina shida. Baba Salu anaitumia." Baba Salu ndiyo mimi.
"Tamu kweli! Ongeza, ng'wanawane, ongeza mwanangu."
Nikaita — Wilhelmina, njoo mara moja!
"Subiri, nafunga mzigo wa mama. Mayu, kopo hili uondoke nalo."
Kopo zima! Mpaka Lalago!
Nikatoka. Nikasimama mlangoni nimewapa mgongo, adabu ndiyo hiyo, nikawaambia kuku wa uani: "Mayu, usinywe. Hiyo ni sukari. Nimeijaza mimi."
Kikombe kikatua mezani. Nikarudi chumbani mbio — na kitambi hiki!
Wilhelmina kampigia Shida. Yuko njiani na mashine. Namsikia Mayu: "Akifika aanze na mkwe."
Wamecheka, wote wawili. Kicheko hicho sikipendi. Ndala za Wilhelmina zinakuja huku. Na kopo — analitikisa.