Mto Umehama, Nimeshtakiwa Mimi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mahakamani leo. Hakimu mama mpole kweli — nitajitetea tarehe 31, na gereza litanipa "kila nyenzo ya kuandaa utetezi". Nyenzo! Nimerudi mahabusu na kipande cha penseli.

Kosa langu: kuingiza mpunga wa magendo kutoka Malawi. Mpunga wenyewe nimeulima mimi, shamba la marehemu baba, Katumba Songwe. Aprili mto ulifurika, ukakata njia mpya, ukaliacha shamba ng'ambo. Dhamana nayo imekataliwa. Hati niliyoweka ni ya shamba hilohilo, na wao wanasema liko Malawi!

Jumatano, 16 Julai
Nimeomba kitabu cha sheria. Afande Telesphory kaleta, kwa heshima zote. Kurasa za ushahidi hazipo. Nyapara wetu, Nasibu, kaniambia bila aibu: karatasi ile nyembamba, inafaa sana kwa sigara. Basi, sheria ya ushahidi imevutwa. Sura ya adhabu hakuna aliyeigusa.

Nikaomba ramani ya mto. Haiwezekani — mahabusu mwenye ramani anaweza kutoroka. Nitorokee wapi? Shambani kwangu, nikakamatwe tena?

Jumamosi, 19 Julai
Kaka Lugano kaja. Dakika kumi tu. Nilikuwa na neno moja: amlete Mzee Gwamaka mahakamani. Shamba lake limepakana na letu, na siku mto unahama alikuwa palepale anaokoa ng'ombe wake. Bila yeye nafungwa.

Lakini kaka ni mtu wa adabu. "Ugonile!" kanisalimia kwa Kinyakyusa. Nikaitikia. Mwili je? Usingizi je? Afande akasema hapa Kiswahili tu, kwa hiyo kila salamu ikarudiwa. Watoto hawajambo. Shemeji zako wa Ngonga hawajambo. Migomba, hivyohivyo. Alipofika kwa mchungaji — muda umekwisha! Kaka akaondoka amefurahi kwamba tumeongea.

Nilicheka. Halafu nikalia kidogo, nimeelekea ukutani.

Jumapili, 20 Julai
Ibada. Mahubiri: uvumilivu. Aliyehubiri amekwenda kula kwake.

Jumamosi, 26 Julai
Leo sikungoja. Kaka hajakaa vizuri, nikamwambia: "Mlete Mzee Gwamaka Alhamisi, saa tatu, mahakamani!"

Kaniangalia kama mtu asiyenifahamu. Akauliza taratibu kama nimesahau nani mkubwa. Nikaomba radhi, nikaanza kumsalimia upya. Hakuitikia. Kasimama — dakika zimebaki tele! Kasema ujumbe ataufikisha, na atamweleza mzee pia namna ulivyotumwa.

Alhamisi, 31 Julai
Naandika kizimbani. Hakimu katoka kidogo.

Mzee amekuja! Koti la kanisani, fimbo. Kamsalimia karani, polisi, hata mwendesha mashtaka. Mimi kanipita. Nilipofungua mdomo nimwamkie, hakimu akanikatiza: mshtakiwa haongei na shahidi. Salamu tu, nikasema. Salamu ni kumshawishi shahidi, akasema.

Mzee akaapishwa. Akaulizwa ananifahamu? Mto ulikuwa unapita wapi? Akasema mtoto wa marehemu Anyelwisye anayemjua yeye humwamkia mkubwa kwanza. Huyu wa kizimbani hajamwamkia. Amsemee mtu asiyemjua?

Hakimu akamweleza utaratibu wa mahakama. Mzee akamweleza utaratibu wa kwao. Nilitamani kucheka, wallahi, na mimi Mlutheri!

Kisha hakimu akatoa onyo. Nikimtamkia shahidi neno moja, shahidi anaondolewa, nami nahukumiwa kwa yaliyopo. Akatoka, ili "nijipange na shahidi wangu". Bila kuongea naye!

Basi nimejipanga. Nikinyamaza, mzee hasemi. Nikisema, mzee anatolewa. Hiyo ndiyo nyenzo yangu. Kaka yuko benchi la nyuma, anatazama viatu vyake. Naogopa. Kweli naogopa.

"Koooti!" Wote wanasimama. Mzee kageuka, ananitazama usoni, anangoja. Shikamoo iko mdomoni tayari —