Mwaitu Kasiva, Baba Anachagua Mahali pa Kushuka

Mwaka umetimia leo tangu utuage, Mwaitu, mama yetu, na asubuhi hii Baba ameketi mezani anachagua mahali pa kushuka. Ameishika simu ya mwanao Mulinge kwa mikono miwili, kama bakuli la uji lililojaa hadi ukingoni. Amechagua matembezi ya mji wa kwanza, akayafuta. Ameyachagua tena, kisha akainuka kwenda kuona kama mbuzi wamefunguliwa. Alikuwa amewafungua mwenyewe alfajiri.

Ile safari yenu ya meli haikufa nawe. Watu wa meli walikubali kuisogeza mbele mwaka mmoja, na viza ya Baba imetoka. Mutindi atasafiri naye katika nafasi yako. Kilichobaki ni haya matembezi tu. Kila mji meli inapotia nanga, abiria hushuka, na kila mmoja anatakiwa awe ameshachagua anachotaka kwenda kuona. Nafasi ya kuchagua inafungwa wiki hii. Baba amesema asipofika mwisho wa kuchagua haendi, na kitanda chake apewe mwingine. Hakulisema kwa hasira. Alilisema polepole, akiangalia mlangoni, na ndiyo maana limetutia hofu.

Wewe unajua ilivyoanza. Mutindi, binti yako muuguzi kule Ujerumani, alikuwa na hamu uuone mto usiokauka. Akawaandikisha nyinyi wawili kwenye meli inayoteremka mto Danubi, kutoka Ujerumani mpaka Budapest. Alipopiga simu kukueleza, ulimuuliza kama huo mto huwa na maji mwezi wa tisa. Akakujibu kwamba una maji miezi yote. Ukamuuliza ni nani aliyeuchimba.

Tulicheka, lakini swali lilikuwa lako kweli. Ulizaliwa Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, ambako maji hushuka yenyewe mpaka mlangoni. Ukaolewa huku Mutomo, ambako mto ni mchanga mtupu na maji lazima uyafuate chini yake. Hatukuwahi kukusikia ukilalamika. Uliwakusanya wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, kila mmoja na jembe lake, leo kwa huyu na kesho kwa yule, mkajenga ukuta wa mawe katikati ya mto ili mchanga ukae na maji yakae ndani ya mchanga. Hukugawa kazi kwa kunyoosha kidole. Uliinama wewe kwanza, na wengine wakainama. Leo asubuhi Kaluki, mke wa Mulinge, ameteka maji pale pale.

Ulikuwa na tabia zako pia, Mwaitu, na tunazitamani zote. Ukimtembelea mtu mwenye boma la nyumba nyingi, hukuipita nyumba hata moja. Ulikula muthokoi kwa mtoto wa kwanza, ukanywa chai kwa wa pili, na kwa wa mwisho, hata kama alikuwa na uji wa jana tu, uliupokea na kuuonja na kuusifu. Baba alikuwa akikungoja langoni, kofia mkononi, ameshiba tangu nyumba ya kwanza. Ulisema chakula si cha tumbo, ni cha mwenye nyumba.

Basi watu wa meli walipotuma matembezi yao, matatu kwa kila asubuhi, ulimwambia Mulinge ayakubali yote. Mulinge ni mtu wa kufanya jambo kwa utaratibu, akakuuliza kama una hakika.

"Mtu akikukaribisha nyumba tatu," ulimjibu, "utaingia mbili, halafu ile ya tatu ikuone ukipita?"

Akayakubali yote. Baada ya siku chache ukaja ujumbe wa heshima kabisa, ukisema kwamba matembezi hayo matatu huondoka yote kwa wakati mmoja, na kwamba kampuni ingependa kujua Bwana na Bibi Munyao wamepanga kufanyaje. Mutindi alicheka kwenye simu mpaka tukasikia kiti kikianguka huko Ujerumani. Wewe hukucheka. Ulikaa siku nzima ukiliwaza, maana kwako kumkataa mtu aliyekukaribisha halikuwa jambo la kubonyeza tu.

Jioni ukapata njia. Mngegawana. Si ndivyo mlivyoishi? Siku ya mnada Baba alikwenda kwa mbuzi wake, wewe ukaenda kwa mwethya au kwa akina mama wa kanisa, na usiku ukiingia mlikuwa mmeketi jikoni kila mmoja akimwambia mwenzake alichokiona.

"Baba Mutindi, wewe utaenda huku, mimi niende kule," ulisema. "Tukirudi melini tutakuwa tumeona kote."

Na yale ya tatu, ulimwagiza Mulinge awaandikie kwamba tunashukuru sana, tutayapitia siku nyingine. Aliandika. Hawakujibu.

Mlichagua kwa furaha, Mwaitu. Kule Passau, mji ambapo mito mitatu hukutana, Baba alichukua kinanda kikubwa cha kanisani, wewe ukachukua mito. Vienna alichukua farasi weupe wanaofundishwa kucheza ngoma, wewe ukachukua soko. Bonde la Wachau ndilo lililowagonganisha. Baba alitaka nyumba ya watawa yenye maktaba ya zamani, maana mzee wa kanisa lazima arudi na la kusimulia. Wewe ulichagua kupanda mlima kwa miguu ukaone mashamba ya zabibu yaliyokatwa matuta ya mawe. Baba akakutania kwamba umetoka Mbooni na matuta miguuni, sasa unavuka bahari kwenda kutazama matuta.

"Nataka kuona kama wanajua kupanga mawe," ulisema.

Kisha presha ikapanda, tukakupeleka hospitalini, na hukurudi.

Tunakuandikia haya kwa sababu kuna jambo ambalo hatukulijua ulipokuwa nasi. Baba si msimulizi. Akitoka mnadani husema, "Ulikuwa mzuri," na hapo amemaliza. Ni wewe uliyekuwa ukiyatoa yaliyomo ndani yake. Na hukumuuliza habari za mnada. Ulimuuliza fahali wa Nzau alikuwa na rangi gani, au Sugow alikuwa ameegemea nini wakati anapunguziwa bei. Baba alijibu hilo dogo, na nyuma yake mengine yakafuata yenyewe kama mbuzi wakimfuata aliyetangulia.

Sugow mwenyewe, mfanyabiashara wa mbuzi aliyewajua miaka yote, alipita hapa wiki iliyopita. Alisema amenunua mbuzi kwa Munyao tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, lakini habari za minada amezipata kwa Kasiva. Alianza akicheka. Hakumaliza akicheka.

Tangu uondoke, Mutindi hupiga simu kila jioni. Anamuuliza Baba leo kulikuwaje, naye anajibu kuzuri. Anamuuliza amekwenda wapi, naye anajibu hapo tu. Kisha Baba anampa Mulinge simu na kutoka nje, na anakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyompeleka. Usiku tunamsikia akihamisha viti. Mchana anaanza kurekebisha ua, anauacha, anaanza kunoa panga, analiacha.

Sasa ameketi tena. Simu yake mwenyewe iko mezani, sauti imefunguliwa, na Mutindi yuko upande wa pili akijiandaa kwenda kazini. Simu ya Mulinge ndiyo yenye matembezi. Mulinge amekaa kando, anamsomea mji mmoja baada ya mwingine bila kuharakisha.

Passau imemtesa Baba. Akichukua kinanda, mito yako itabaki bila mtu wa kuitazama. Akichukua mito, atakuwa ameacha la kwake, na anasema alikuahidi kinanda, atakuletea habari zake. Amelisema hilo kama mtu anayeeleza deni la heshima. Ameinuka, amefika mlangoni, amerudi.

Mutindi akaona njia rahisi.

"Baba, wewe nenda zako, mimi niende za Mwaitu. Jioni tuambiane, kama mlivyokuwa mmepanga."

Baba aliweka simu ya Mulinge chini.

"Wewe hujui kuniuliza," alisema.

Hakusema kwa ubaya, Mwaitu, na sisi hatumlaumu. Tulisikia maji yakimwagika kwenye sinki la Mutindi, kisha yakafungwa. Kaluki, aliyekuwa anachambua ndengu kwenye ungo, aliacha mikono yake juu ya ungo bila kuisogeza. Baba alitoka mpaka uani. Tulimwona amesimama karibu na tangi, mikono nyuma, anaangalia mahali pasipo na kitu. Mulinge hakumfuata. Alimwambia dadake asikate simu.

Aliporudi hakukaa. Alimwambia Mulinge aache Passau kwanza, asome unaofuata. Mulinge akasoma Wachau, la watawa na la matuta, kwa sauti ile ile, asije akaonekana anapendelea.

"Weka matuta," Baba alisema.

"Hayo yalikuwa ya Mwaitu," Mutindi alisema.

"Najua."

Tulifikiri ameshamaliza, atatoka tena. Hapo Mutindi akauliza, kwa sauti ndogo kama mtu asiye na hakika kama ana ruhusa:

"Baba, siku ulipofika Kikima mara ya kwanza, ulikuwa umevaa viatu gani?"

Baba aliiangalia ile simu.

"Vya kuazima," alisema.

Akavuta kiti.

Vilikuwa vya Nzioka, ndugu yake, Mwaitu, na vilimzidi mguu, akajaza matambara mbele. Alikuwa amekwenda kununua fahali. Hilo tulilijua, wewe ulitusimulia mara nyingi kwamba mlikutana kwa sababu ya fahali. Hukutuambia mengine, na sasa tunajua kwamba hukuyajua yote. Fahali alimnunua safari ya kwanza, akarudi naye Mutomo, na baada ya hapo hakuwa na haja yoyote Kikima. Alirudi. Aliwakuta mwethya wakijenga matuta, akabeba mawe kwenye shamba la watu asiowajua, amevaa viatu vile vile, ili awe chini ya mstari wa mawe ambao wewe ulikuwa ukiupanga. Ulidhani ni kibarua wa jirani. Ulimwagiza mawe madogo, akaleta. Ukamwambia haya ni makubwa, akayarudisha. Akaenda na safari ya tatu.

"Na hukumwambia kwamba wewe si kibarua?" Mutindi aliuliza.

"Angenikataza kubeba."

Kaluki alicheka, akajifunika mdomo kwa pindo la leso. Mutindi alitaka kujua ule ukuta wa tuta uliokuwa ukiupanga Kikima ulikuwaje. Baba alifikiri sana, maana hapendi kusema asilokuwa na hakika nalo. Alisema ulikuwa na nguvu, ungalipo hata leo, ila ulipinda kidogo upande wa kushoto.

"Ulimwambia?"

"Miaka yote hiyo? Mimi nilitaka kula chakula cha amani."

Mwaitu, tulicheka sote, naye akacheka, na ilikuwa ni mara ya kwanza tangu uondoke. Tungependa ungekuwepo umjibu. Tunadhani ungesema ulipindishwa na mawe aliyoyaleta.

Hakuishia hapo. Alieleza mvua iliyomkuta njiani na mwalimu wa kanisa aliyempa pa kulala bila kumuuliza maswali, na mama yako alivyomwangalia viatu kabla ya kumwangalia uso. Alisimama kuonyesha jinsi ulivyokuwa ukilipima jiwe kwa mkono mmoja kabla ya kuliweka. Chai yake ilipoa. Mutindi alisema amechelewa kazini, kisha akauliza jambo jingine, na Baba akamjibu.

Hatimaye Mutindi alilazimika kwenda. Mulinge aliinua simu yenye matembezi. Wachau iko tayari, matuta, watu wawili, maana Baba amesema watayapanda pamoja. Passau bado. Vienna bado, na Bratislava, na Budapest. Mulinge akamuuliza kama waendelee na Vienna.

"Kesho," Baba alisema. "Bado sijafika kwenye mahari."

Kisha akainama karibu na simu yake, kabla haijakatwa, akamuuliza Mutindi kesho anatoka kazini saa ngapi.

Unakumbukwa na mumeo Munyao, watoto wako Mulinge na mkewe Kaluki, na Mutindi aliye Ujerumani, wajukuu wako, ndugu zako wote wa Kikima, Mbooni, akina mama wa mwethya na wa kanisa hapa Mutomo, na jirani zetu Sugow na mkewe Intisar. Ibada ya kukukumbuka itafanyika nyumbani Jumapili baada ya kanisa, na kila atakayefika atakula.

Tutakukumbuka, Mwaitu, leo na siku zote tulizobakiziwa.