Dada wa Sofa

Mwenzangu, si umesikia redio na magazeti yanavyowaita wasichana wakubwa wanaoishi kwa wazazi? "Dada wa sofa."

Neno ni langu. LANGU. Nililitoa kwa utani kwenye kikao cha kazini, pale redioni, mtangazaji wetu akalibeba hadi hewani.

Leo bosi kampongeza mbele ya ofisi nzima, eti ana kipaji. Na mimi nikapiga makofi, roho inaniuma.

Nikasema nikamwambie mama ukweli. Nafika nyumbani, namkuta na shangazi, redio iko juu, wanacheka mpaka machozi. Mama akaniona mlangoni. "Karibu, dada wa sofa."

Nikaenda kukaa kwenye sofa.

Unajua kilichonimaliza? Akamgeukia shangazi: "Huyo mtangazaji ana akili sana."